SSD ndogo kwenye kijumba kikubwa: breketi ni lazima au unajisumbua tu?

Swali nimelifupisha kidogo: msomaji ana kompyuta ya mezani ya miaka kadhaa, ndani ina vijumba vya diski vya inchi 3.5 tu, kanunua SSD (diski ya chipu, isiyo na kitu kinachozunguka) ya SATA (aina ya soketi na waya wa kuunganishia diski), ya inchi 2.5, kuitia humo inacheza, matundu hayakutani na skrubu alizokuta kwenye kesi zinagoma kuingia. Anauliza kuhusu breketi, yaani kile kibebeo cha kushikia diski ndogo kwenye kijumba kikubwa: "Ni lazima ninunue breketi? Nikiiacha ilale tu chini ya kesi itakufa? Na hawa watu kwa nini hawakutengeneza SSD zinazolingana na vijumba tukapumzika?"

Mkuu, nianze na lile linalokunyima usingizi. Haitakufa. SSD haina kitu kinachozunguka ndani, hamna sahani, hamna kichwa cha kusomea kinachoelea juu ya sahani, ni ubao wenye chipu na basi, kwa hiyo ukiilaza, ukiisimamisha, ukiigeuza tumbo juu, kwake yote sawa. Woga tulionao tumeurithi kutoka kwenye diski za zamani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, zile ukizigusa zikiwa kazini unazisikia zinatetemeka, na ndiyo maana zikawekewa vizimba vya chuma na skrubu nne na vimpira vya kumeza mtetemo. SSD ukiigusa ikiwa kazini utakuta vuguvugu tu, na uzito wake mara nyingi ni gramu 40 mpaka 60 hivi, wakati diski ya inchi 3.5 inaweza kuvuka gramu 600. Sasa kitu chepesi namna hiyo kisichotetemeka hakihitaji ngome.

Lakini usikimbilie kuiacha inaning'inia pia. Kinachohitaji kushikwa hapo ni nyaya. Zile soketi mbili za nyuma, ya data yenye pini 7 na ya umeme yenye pini 15, zimeshikiliwa na kiplastiki chembamba chenye umbo la L, na kile ndicho kinachovunjika. SSD ikiwa haijafungwa, waya mgumu wa umeme kutoka pawa saplai (boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) unaivuta huku, wa data unaivuta kule, siku unasogeza kesi ufagie chini ya meza inateleza, inaning'inia kwa nyaya zake yenyewe, na pale ndipo unapoanza kuona mambo ya ajabu, kompyuta inaganda bila sababu, diski inapotea halafu inarudi ukiwasha upya, mtu anaanza kulaumu Windows, analaumu RAM, anaweka mfumo upya mara mbili, kumbe plagi imelegea nusu milimita. Kwa hiyo unaifunga SSD ili plagi zitulie, hiyo ndiyo sababu yenyewe, na ukishaishika hiyo sababu utaona njia nyingi zinafaa ambazo hazihitaji hata kununua kitu.

Vipimo sasa, maana hapa ndipo utaelewa kwa nini inacheza. Diski ya inchi 3.5 ina upana wa milimita 101.6, urefu kama 147 na unene kama 26. SSD yako ina upana wa milimita 69.85, urefu 100, na unene siku hizi karibu zote ni milimita 7. Toa utaona pengo la karibu milimita 32 kwenye upana peke yake. Na ile inchi 3.5 wala siyo kipimo cha diski yenyewe, ni ukubwa wa flopi iliyokuwa inaingia kwenye nafasi kama hiyo zamani, jina likabaki, ndiyo maana ukichukua rula ukapima unajiona kama umechanganyikiwa.

Kwa nini hawakuzifanya kubwa? Kwa sababu inchi 2.5 ni saizi ya diski za laptopu, na mtengenezaji akitoa SSD ya saizi hiyo inaingia kwenye laptopu na kwenye kompyuta ya mezani pia, bidhaa moja masoko mawili. Kubwa haiwezi kuingia kwenye laptopu, ndogo inaweza kuingia popote ukiisaidia. Tena ukifungua SSD nyingi za SATA za siku hizi (usifungue yako, garantii itapotea) unakuta ubao wa ndani haujai hata nusu ya ganda, kwingine kote ni hewa tupu. Hiyo inchi 2.5 yenyewe wameikuza ili iendane na nafasi za watu.

Haya, skrubu, na hapa naomba tuende taratibu kwa sababu ndipo watu wanapoharibu mali. Skrubu ulizokuta kwenye kesi, zile nene nene mara nyingi zenye kichwa cha pembe sita, ni za kipimo cha 6-32, meno yake yameachana, ni za diski kubwa na za kufungia pawa saplai na mifuniko ya kesi. SSD yako inataka M3, nyembamba zaidi na meno yamebanana. Ukizishika mbili pamoja kwenye mwanga tofauti inaonekana hata bila kipimo, moja ina meno makubwa ya kuhesabika kwa macho, nyingine meno yake ni kama mistari tu. Ukiilazimisha ile nene kwenye tundu la SSD itaingia mzunguko mmoja wa kwanza kwa shida, utadhani inahitaji nguvu zaidi, utaongeza nguvu, na hapo unakuwa umeshakata meno ya tundu, hakuna M3 itakayoshika tena pale. Ishara ni rahisi: skrubu sahihi unaianza kwa vidole vitupu bila bisibisi, ikigoma kwa vidole siyo yake.

Jambo la pili ni urefu, na hili watu wengi hawaliwazi. Ndani ya SSD skrubu isizame zaidi ya milimita 3 hivi. Kama unafunga kupitia bati la breketi lenye unene wa kama milimita 1, skrubu ya M3 yenye urefu wa milimita 4 inatosha vizuri, ya 5 bado inategemea unene wa breketi, ya 8 au 10 usiisogeze kabisa, itapenya mpaka ikaguse ubao au ipasue chipu na SSD ikafa kweli, sasa hii ndiyo itakufa, siyo kule kulala chini ya kesi. Kama hukupewa skrubu kwenye boksi la SSD, na nyingi hazipewi, angalia zile zilizofunga kisomea DVD kama unacho humo ndani, nazo ni M3, pima tu urefu kwanza kwa kuishikiza ubavuni mwa breketi uone inabaki ngapi ya kuingia.

Matundu ya SSD yako yako ya aina mbili, manne tumboni na mawili kila ubavu. Shika hilo kwa sababu kesi nyingine hata za zamani kidogo zina zawadi ambayo mwenyewe hajaiona: ukichungulia kwenye sakafu ya kesi, au kwenye kitako cha kizimba cha diski, au nyuma ya bati linaloshika mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), unakuta matundu manne yametoboka kwa mstatili wa kama milimita 62 kwa 77. Hayo ni ya SSD. Unaiweka juu yake, unafunga kutokea upande wa pili, umemaliza, breketi ya nini. Na kama vijumba vyako ni trei za plastiki za kuvuta, itoe moja igeuze uangalie sakafu yake, nyingi zimetobolewa matundu ya inchi 2.5 katikati au pembeni, unafunga SSD tumboni kwa skrubu nne na trei inarudi kama kawaida. Mtu ananunua breketi wakati trei yake ilikuwa tayari, hii naiona kila siku.

Ukikosa yote hayo ndiyo tuje kwenye breketi. Ni kitu cha kawaida sana, bati au plastiki yenye upana wa diski kubwa, katikati inashika ndogo. Chuma au plastiki? Hamna tofauti ya maana. Kuna watu watakwambia chuma inapoza SSD, lakini SSD ya SATA inakula wati chache tu na zinazouzwa kwa watu wa kawaida huwa zimeandikiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 70, ndani ya kesi yenye feni hufiki huko. Unachotakiwa kuangalia kwenye breketi ni matundu yake ya ubavuni. Breketi nyingi rahisi zina matundu ya chini tu, sasa kama kizimba chako kinashika diski kwa skrubu za ubavuni, au kwa vile vipini vya plastiki vinavyoingia kwenye matundu ya ubavuni ya diski, breketi hiyo itakaa humo inacheza vilevile kama SSD ilivyokuwa inacheza, umenunua tatizo lilelile kwa umbo kubwa zaidi. Tafuta iliyotobolewa pembeni pia. Nyingine zinabeba SSD mbili moja juu ya nyingine, milimita 7 na 7 ndani ya nafasi ya 26 zinaingia bila shida, ila ukiweka mbili angalia kama plagi zako za umeme ni zile zilizopinda au zilizonyooka, maana nyaya mbili zilizopinda upande mmoja zinapandiana ya juu inagoma kuingia mpaka mwisho.

Kuna hali moja tu ambapo breketi ya kawaida haitoshi na nitakaa hapa kidogo. Kama kompyuta yako ina vijumba vya kuchomeka moja kwa moja, yaani hakuna waya unaoshika kwa mkono, unasukuma trei na diski inajichomeka yenyewe kwenye ubao wa nyuma, kama zilivyo seva na visanduku vya kuhifadhia data na kompyuta chache za kazi nzito. Pale soketi lazima ifike mahali palepale ambapo soketi ya diski kubwa ingefika, na kwenye SSD ndogo soketi inakaa mahali tofauti ukilinganisha na kingo. Breketi ya kawaida inaiweka SSD katikati kwa sababu katikati panapendeza, unasukuma trei inagota, unasukuma kwa nguvu zaidi, unavunja kile kiplastiki cha L niliokuambia. Hata wakubwa liliwakuta. Western Digital mwaka 2008 walitoa VelociRaptor, diski ya mizunguko 10,000 kwa dakika ambayo ndani yake ilikuwa ya inchi 2.5 imefungwa kwenye bati kubwa la kupozea la saizi ya inchi 3.5, na toleo la kwanza soketi ilikaa mahali pa diski ndogo kwa hiyo haikuingia kwenye trei za kuchomeka, ikabidi watoe toleo jingine soketi ikahamishiwa mahali pa diski kubwa. Kwa hiyo kama yako ni ya aina hii, nunua ile breketi au kisanduku kinachosema wazi kwamba soketi inakaa mahali pa inchi 3.5, siyo breketi ya bati tu. Kwa maelezo yako lakini yako ina nyaya za kawaida, kwa hiyo hili lipite.

Sasa kama huna breketi, huna matundu, na unataka leo leo. Selotepu ya pande mbili ile yenye sponji, au velkro, vipande viwili tumboni mwa SSD, unaibandika kwenye sakafu ya kijumba au ukuta wa ndani wa kesi au hata juu ya diski kubwa iliyopo kama haichemki sana. Naona wataalamu wengine wanakunja uso wakisikia selotepu, mimi sioni tatizo, kwa gramu 50 inatosha na kubaki. Safisha kwanza bati kwa spiriti maana vumbi na mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya ibanduke baada ya miezi, na usifunike stika ya SSD yenye namba ya utambulisho (serial number) kama unafikiria garantii. Velkro naipenda zaidi kwa sababu inatoka ukitaka. Au funga SSD kwa skrubu mbili tu za ubavu mmoja kwenye ukuta wa kizimba, upande wa pili uning'inie hewani, skrubu mbili za M3 zinaibeba bila kulalamika. Vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya pia vinafaa, viwili vinapita kwenye matundu ya kizimba, usikaze mpaka ganda linakunjika. Kitu kimoja tu sikubaliani nacho ni gundi ya moto, inashika vizuri mpaka siku unataka kuitoa.

Nitoe angalizo dogo: haya yote ya selotepu ni kwa SSD. Kama una diski ya laptopu ya kuzunguka ya inchi 2.5 unataka kuitia humo humo, hiyo ipe skrubu nne na breketi ya kweli, yenyewe inatetemeka.

Umeme. SSD ya SATA inatumia volti 5, pawa saplai yoyote inayoendesha kompyuta yako itaibeba. Shida huwa ni kukosa plagi. Kama zimebaki zile za zamani tu zenye pini nne nene, za Molex, utahitaji adapta, na hapa usichukue yoyote. Kuna adapta ambazo kichwa chake cha SATA kimemwagiwa plastiki kwa pamoja na nyaya, zimezama ndani ya plastiki huzioni zinavyoingia, hizo ndizo zenye sifa ya kupiga shoti ndani kwa ndani na kuungua. Chukua zile ambazo nyaya unaziona zinaingia moja moja kwenye kichwa, zimebanwa na kifuniko cha nyuma. Na kama kompyuta yako ni ya kampuni, iliyokuja imeshaundwa kiwandani, chungulia kwanza umeme wa diski unatoka wapi, baadhi yake unatoka kwenye mazabodi kwa plagi ndogo ya kwao siyo kwenye pawa saplai, na vichwa vya SATA vinahesabika. Mara nyingi kisomea DVD kina kichwa kimoja na hakuna anayekitumia tena.

Waya wa data nao tumia wenye kile kibati cha kubofya kinacholia kikishika, hasa kama SSD umeibandika badala ya kuifunga. Plagi za ndani za SATA zilitengenezwa kuchomekwa na kuchomolewa mara 50 hivi siyo mara elfu, kwa hiyo waya wa zamani uliochezewa miaka mingi ukilegea utupe tu. Upande wa mazabodi, kama kuna soketi zimeandikwa 6Gb/s na nyingine 3Gb/s, SSD ipeleke kwenye ya 6, pale inafika karibu megabaiti 550 kwa sekunde, kwenye ya 3 itaishia 280 hivi, bado ni zaidi ya diski ya kuzunguka kwa hiyo ukiwa na ya 3 tu usilie, kitakachokufurahisha siyo hiyo namba ni jinsi mafaili madogo madogo yatakavyofunguka haraka.

Na kabla hujafunga chochote, chungulia mazabodi kama ina nafasi ya M.2, ile soketi ndogo iliyolala yenye skrubu moja mbele yake. Ukiwa nayo, siku nyingine ukinunua SSD nunua ya humo, urefu wa milimita 80 kwa upana wa 22 ndiyo ya kawaida, hamna breketi, hamna waya hata mmoja. Soma tu kitabu cha mazabodi kwanza, kwa sababu nafasi nyingine za M.2 zinapokea NVMe tu (SSD za kasi zaidi zisizotumia SATA), nyingine SATA tu, nyingine zote mbili, na kwenye mazabodi nyingi ukichomeka kitu humo soketi moja au mbili za SATA zinazimwa, mtu anakaa anatafuta diski yake imeenda wapi.

Kabla ya kuanza, zima kabisa, chomoa waya wa ukutani, gusa bati la kesi kidogo umeme wa mwilini uondoke, funga SSD na kuchomeka plagi, halafu rudisha waya, washa uingie kwenye baiosi (menyu ya mazabodi inayotokea kabla ya Windows). SSD ikionekana kwa jina pale, kazi ya mikono imekwisha. Ikionekana baiosi lakini Windows haiioneshi kwenye orodha ya diski, haijaharibika, ni mpya haijawahi kugawanywa, nenda kwenye Disk Management (programu ya Windows ya kupanga diski), ianzishe kwa GPT (mpangilio wa kugawa diski) halafu itengenezee sehemu. Isipoonekana kabisa hata baiosi, badilisha waya wa data kwanza, kisha soketi ya mazabodi, kisha kichwa cha umeme, kwa mpangilio huo, kimoja kimoja, usibadilishe vyote kwa pamoja maana hutajua kilichokuwa kibovu. Ukiwa humo kwenye baiosi angalia pia kama SATA iko AHCI (mtindo mpya wa kompyuta kuongea na diski), ila kama Windows ya zamani bado ndiyo unayoitumia na ilikuwa imewekwa kwa IDE (mtindo wa zamani) usibadilishe kiholela, inaweza kugoma kuwaka, badilisha pale unapoweka mfumo mpya kwenye SSD.

Kwa kesi yako wewe, mkuu, ningefanya hivi: geuza trei uangalie matundu ya tumboni, yakiwepo tafuta M3 nne fupi umalize leo. Yasipokuwepo, velkro mpaka upate breketi yenye matundu ya pembeni, na kama velkro ikishika miezi sita bila kubanduka breketi yenyewe achana nayo.